Jicho la Msafiri: Gitega na Muyinga Katika Habari za Safari

Habari za safari ni utanzu mkongwe katika nathari ya Kiswahili. Umeitangulia riwaya kwa miaka mingi. Hata hivyo ndio utanzu unaosomwa kidogo zaidi darasani. Wanafunzi wetu hupewa riwaya, tamthilia na mashairi wayahakiki, na safari huachiwa insha ya mwisho wa muhula. Insha hiyo nayo tunaijua sote: jogoo huwika, basi hujaa abiria, vilima hupendeza macho, na mwandishi humaliza kwa kusema kwamba siku ile hataisahau maishani. Mwalimu husahihisha ngeli na nyakati za vitenzi, hutoa alama, na jambo huishia hapo. Hakuna aliyeuliza kama msafiri yule aliona kitu.

Katika makala haya tunakusudia kuuliza swali hilo. Tutautazama utanzu wa habari za safari kwa jicho la uhakiki, na kuupima kwa miji miwili ya Burundi, yaani Gitega na Muyinga. Miji hii hatukuichagua kwa uzuri wake tu. Kiswahili kiliingizwa katika shule za msingi za Burundi, pamoja na Kiingereza, katika miaka ileile nchi hiyo ilipokuwa ikijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, jambo lililotimia tarehe 1 Julai 2007. Mtoto wa Gitega anayejifunza lugha hii husoma habari za Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Mji wake mwenyewe haukuti katika kitabu cha Kiswahili. Anaukuta katika vitabu vya wageni, na huko ameandikwa kwa namna ambayo yafaa tuichunguze.

Msafiri wa shanta

Tuanze na msafiri wa siku hizi, kijana wa Ulaya, Marekani au Asia anayezunguka dunia na shanta mgongoni, akilala nyumba za wageni za bei nafuu na kupanda mabasi ya wenyeji. Msafiri huyu ameandika mengi juu ya Afrika Mashariki. Hatupaswi kumdharau, kwa maana ana sifa ambayo waandishi wengi wakubwa hawanayo: husema kweli juu ya njia. Atakueleza kwamba kutoka Bujumbura hadi Gitega ni kiasi cha kilomita 100, kwamba barabara hupanda milima mpaka masikio yakazibuka, kwamba kitanda ni bei gani na ndizi za kukaanga ni bei gani. Nathari yake ni ya mtu anayehesabu fedha zake, na hesabu ina uaminifu wake.

Udhaifu wake huanza pale hesabu inapokwisha. Akishafika Gitega, msafiri wa shanta huuliza: hapa pana nini cha kutazama? Swali hili halina ubaya kwa lenyewe, ila linabeba orodha iliyokwisha tungwa mahali pengine. Ametoka kuwaona sokwe wa Rwanda na anaelekea kwenye fukwe za Unguja. Mji usiokuwa na sokwe wala ufuko hupata sentensi tatu: pana jumba la makumbusho, pana ngoma kilimani, mtu aweza kumaliza yote kwa nusu siku. Katika sentensi hizo tatu hakuna jina la mwenyeji hata mmoja. Hatujui ni nani aliyemfungulia mlango wa makumbusho, ni nani aliyemweleza maana ya ngoma, wala alitumia lugha gani kuelewana na watu. Maarifa yake yametokea hewani.

Hapa ndipo tunapopata kipimo cha uhakiki tunachopendekeza. Habari ya safari hupimwa kwa kuangalia kama mwandishi anaonyesha alikoyapata maarifa yake. Msafiri ni mgeni, na mgeni hajui mpaka aambiwe. Akimficha aliyemwambia, amejifanya yeye mwenye kujua, na wenyeji amewageuza kuwa mandhari. Akimtaja, msomaji hupata nafasi ya kumpima msemaji pamoja na msikilizaji. Wahenga waliosema kwamba mgeni njoo mwenyeji apone walitambua kwamba pande zote mbili zina faida katika kukutana huko. Habari ya safari isiyo na mwenyeji imekata upande mmoja.

Wasafiri wetu wa zamani

Mtu aweza kudhani kwamba dosari hii ni ya wageni peke yao, na kwamba msafiri Mswahili ameepukana nayo. Tuyatazame maandishi.

Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mjini Göttingen kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Ndani yake mna habari zilizoandikwa na wasafiri wa pwani wenyewe. Sleman bin Mwenye Chande alieleza safari yake ya bara. Mtoro bin Mwinyi Bakari alieleza safari zake za nchi za karibu na pwani. Selim bin Abakari, aliyekuwa mtu wa Ngazija, alieleza miongoni mwa mengine safari ya Urusi na Sibiri aliyoifanya mwaka 1896 akiwa pamoja na bwana wake Mjerumani. Kwa mwalimu wa Kiswahili kitabu hiki kina jambo la pekee. Velten alikuwa mwalimu wa lugha mjini Berlin, na maandishi haya yalikusanywa kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni wajifunze Kiswahili. Ni vitabu vya darasani tangu kuzaliwa kwake.

Kwa kipimo chetu, wasafiri hawa wana nguvu kubwa. Msafiri wa msafara hawezi kusahau mwenyeji, kwa sababu bila mwenyeji hapiti. Kuna hongo ya kulipwa kwa mwenye nchi, kuna chakula cha kununuliwa, kuna njia ya kuulizwa, kuna mgonjwa wa kuachwa nyumbani kwa mtu. Kila kituo kina jina na kila jina lina bei. Nathari yao ni fupi, haina mapambo, na vitenzi vinatembea kama wapagazi, kimoja nyuma ya kingine. Mwanafunzi anayetaka kujifunza namna ya kuendesha masimulizi kwa kiambishi cha -ka- hatapata mwalimu bora.

Lakini mhakiki hawezi kuishia kwenye sifa. Watu hawa wa pwani walikuwa na neno lao moja, nalo ni bara. Na pamoja na neno hilo lilikwenda jingine zito zaidi, washenzi. Katika maandishi ya wakati ule mtu wa bara mara nyingi huonekana ama kama mwenye kuzuia njia, ama kama bidhaa. Msafara uliotafuta pembe ulitafuta na watu pia. Burundi inalikumbuka jambo hili kwa upande wa pili wa hadithi: Mwami Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908, alizuia majeshi ya Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, yaliyotoka upande wa Ujiji. Kwa hiyo mtoto wa Gitega anaposoma habari za misafara, anasoma maandishi ya watu ambao babu zake walisimama kuwazuia. Mwalimu akimficha jambo hili kwa sababu anaipenda lugha, atakuwa hajamsomesha fasihi.

Mfano wa namna nyingine tunaupata kwa Martin Kayamba, karani wa Tanganyika aliyekwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata kilitoka kitabu chake kiitwacho Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Hapa nafasi zimegeuka: mtazamaji ni Mwafrika na anayetazamwa ni Mwingereza. Kayamba ni mpole mno kwa wenyeji wake, na msomaji wa leo hutamani angewauliza maswali makali zaidi. Hata hivyo jina la kitabu lenyewe linatufundisha. Msafiri aliona, na pia alifanya. Alikuwa na kazi na watu wa huko. Kuona kunakotokana na kazi hutofautiana na kuona kwa mtu anayepita.

Gitega na maana ya ngoma

Sasa twende Gitega na kipimo chetu mkononi. Wajerumani walihamishia makao ya utawala wao hapo mwaka 1912 kutoka Usumbura, na wakati huo jina liliandikwa Kitega. Wabelgiji waliowafuata waliirudishia Usumbura ukubwa. Mwaka 2019 Gitega ikawekwa tena mbele, ikawa mji mkuu wa kisiasa, Bujumbura ikibaki mji wa biashara. Mji huu basi umepandishwa na kushushwa na maamuzi ya watawala, na msafiri anayesema kwamba ni mji mtulivu ulio milimani amesema kweli bila ya kusema lolote.

Jumba la Makumbusho ya Taifa lilianzishwa mwaka 1955, katika utawala wa Wabelgiji. Si kubwa. Mna vikapu, vyungu, mikuki, ngoma na picha za zamani za watu wa ukoo wa kifalme. Msafiri wa shanta hupima jumba hili kwa ukubwa wake na huondoka. Mwanafunzi wa Kiswahili angeweza kulipima kwa majina. Akisimama mbele ya chungu, amwulize mhifadhi kinaitwaje kwa Kirundi, kisha atafute kama Kiswahili kina neno la kukilingana. Atagundua kwamba maneno mengine yanafanana kama ndugu, na mengine hayana mwenzake. Hiyo ndiyo safari: kujua mahali lugha yako inapokoma.

Kiasi cha kilomita saba kaskazini ya mji ni Gishora, mahali patakatifu pa ngoma, panapohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo. Mwaka 2014 UNESCO iliitia ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Wageni wengi hufika, hutazama wapigaji wakija na ngoma vichwani, husikia kishindo, hupiga picha, na huandika kwamba Waafrika wana mdundo katika damu. Sentensi hiyo ni ya uvivu, na mhakiki hana budi kuikataa kwa sababu zilizo wazi. Kupiga ngoma zile kulikuwa kazi ya koo maalumu zilizokabidhiwa na mfalme; ilikuwa elimu yenye wenyewe. Ngoma huchongwa katika mti uitwao kwa Kirundi umuvugangoma, yaani mti uifanyao ngoma iseme. Zaidi ya hayo, neno ingoma kwa Kirundi ni ngoma na pia ni ufalme wenyewe. Aliyesikia kishindo asilijue neno hili amesikia sauti ya dola akadhani ni burudani.

Hapa msafiri Mswahili ana faida ambayo mgeni wa mbali hana, akikumbuka kuitumia. Pwani nayo ilikuwa na ngoma za enzi. Siwa za Pate na Lamu zilipigwa kwa heshima ya watawala, na Mwinyi Mkuu wa Unguja alikuwa na ngoma na siwa zake, alama za mamlaka zisizochezewa ovyo. Mtu wa Lamu akifika Gishora hahitaji kushangaa, anahitaji kulinganisha. Neno lake ngoma limepungua maana kwa muda, likabakiwa na mchezo na ala. Neno la Kirundi limeuhifadhi ufalme. Linganisho kama hili huzaa uhakiki, kwa kuwa linamrudisha msafiri nyumbani akiwa na swali jipya juu ya kwao.

Tena msafiri mwema hatazami wanaopiga tu, bali na wasiopiga. Amri ya Rais ya Oktoba 2017 iliweka masharti juu ya maonyesho ya ngoma hizi na kuwakataza wanawake kuzipiga. Mwandishi aweza kuwa na maoni yake juu ya amri hiyo, na wenyeji wana yao. Lakini anayeandika habari za Gishora baada ya mwaka huo bila ya kugusa jambo hili hakuona nusu ya wale waliosimama pembeni mwa uwanja.

Muyinga na njia ya Kobero

Muyinga iko kaskazini mashariki, si mbali na mpaka wa Tanzania. Katika vitabu vya kuwaongoza watalii mji huu ni mahali pa kubadilisha gari. Msafiri hutoka Muyinga, huvuka Kobero, hugonga muhuri, hufika Kabanga katika wilaya ya Ngara, na habari inaendelea upande wa pili kana kwamba hakupita popote.

Kwa mpenzi wa Kiswahili, Muyinga ni ukurasa mzito. Hapa lugha yetu haikufika kwa kitabu cha shule. Ilifika kwa wafanyabiashara, kwa askari na makarani wa Wajerumani, na kwa Waislamu waliojenga mitaa yao pembeni mwa vituo vya utawala. Kwa muda mrefu jina Mswahili nchini Burundi lilibeba maana ya mtu wa mjini, Mwislamu, mfanyabiashara, na mara nyingine mjanja asiyeaminika. Mwalimu anayefundisha lugha hii Muyinga husimama basi juu ya historia mbili: ile ya misafara iliyowaita wenyeji washenzi, na ile ya wenyeji waliowaita wasemaji wa Kiswahili waongo. Matusi hayo mawili yamejibizana kwa zaidi ya miaka mia moja. Hayafutwi na kitabu cha sarufi.

Kuna pia safari nyingine iliyopita njia hiyo, nayo haina shanta wala picha. Mwaka 1972, kisha baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, na tena mwaka 2015, maelfu kwa maelfu ya Warundi walikimbilia Tanzania. Wengine waliishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa miongo. Wengine katika makambi ya Kibondo, Kasulu na Ngara. Watoto walizaliwa huko, wakajifunza Kiswahili visimani, sokoni na uwanjani. Waliporudi, wengi wao kwa njia ya Kobero, walikuja na lugha hii kinywani. Darasani walikuta ni somo la kigeni, na wao wakaitwa wageni kwa sababu wanaijua.

Tunadai kwamba safari hii ndiyo iliyo karibu zaidi na habari za kale za Wasuaheli. Ina vituo na bei, ina wenyeji waliopokea na wenyeji waliofukuza, ina mizigo iliyotupwa njiani. Kwa kipimo cha utanzu, aliyetembea kutoka Muyinga mpaka Ngara akiwa na miaka tisa ana maarifa kuliko yeyote aliyepita hapo ndani ya gari la watalii. Lakini jina lake halimo katika orodha ya fasihi ya safari, na darasa linamtaka aandike juu ya jogoo na vilima.

Kazi ya mwalimu

Baadhi ya walimu watatupinga, na hoja yao ina uzito. Watasema: je, mnataka tumwamuru mtoto aandike habari ya kukimbia kwake, ili sisi tumkate alama kwa kosa la upatanisho wa sarufi? Tunajibu kwamba hapana. Si kila safari ni ya kusimuliwa mbele ya darasa, na mwalimu hana haki ya kuudai uchungu wa mtu kama zoezi la nyumbani. Aliyenyamaza ana sababu. Tunachodai ni kwamba mlango usifungwe kwa kufuli la insha ya jogoo. Anayetaka kupita apite, na mwalimu asome kwanza alichoambiwa kabla ya kushika kalamu nyekundu.

Kwa walio wengi njia nyepesi ipo. Tunatoa rai kwamba habari ya safari ifundishwe kwanza kama kusoma, ndipo iwe kuandika. Darasa lisome kipande cha Safari za Wasuaheli pamoja na kipande cha habari ya mtalii juu ya nchi yao, wanafunzi wapige mstari chini ya kila jina la mwenyeji, kisha wahesabu. Mahali ambapo hakuna mstari, waulize nani amefichwa na kwa nini. Wapige mstari mwingine chini ya kila neno la dharau, hata kama limeandikwa kwa Kiswahili kizuri, maana dharau haipungui kwa kuwa na sarufi safi. Baada ya hapo watumwe mahali pa karibu: wa Gitega waende makumbusho au Gishora, wa Muyinga waende sokoni. Sharti liwe moja. Kila jambo watakaloandika lisema limetoka kwa nani, kwa idhini ya msemaji, au limeonwa na macho ya nani.

Mwanafunzi aliyefanya hivyo mara moja hatasoma tena habari ya safari kama zamani. Akikuta mahali pameandikwa kwamba Muyinga hapana cha kutazama, atajua kwamba ameambiwa habari ya jicho, si ya mji. Na akishika kalamu yeye mwenyewe, Kiswahili kitapata jambo ambacho hakijawa nalo bado: habari za Gitega na Muyinga zilizoandikwa na watu wa Gitega na Muyinga, kwa lugha iliyowahi kupita kwao kama mgeni mwenye bunduki, na ambayo sasa ni juu yao kuamua kama itakaa kama mwenyeji.